Rafu ya Wasio na Macho

Sogeeni. Mwenye viatu avivue, tena avivue polepole, maana huko tuendako viatu ndivyo vinavyosikilizwa kuliko watu. Palikuwa na mji. Jina lake lilichukuliwa kwenda kufanyiwa matengenezo na mpaka leo halijarudi. Na katika mji huo ilikuwa saa kumi alasiri. Sisemi ilikuwa imefika saa kumi. Nasema ilikuwa saa kumi tu, kama vile ukuta ulivyo ukuta. Ofisi ya Utulivu iliona kwamba saa kumi ndiyo saa nzuri ya ukaguzi, watu wamekwisha kula na hawajaanza kufikiri, ikaamuru jua lisimame pale pale juu ya bati la bohari, na jua, ambalo nalo linaogopa kama sisi, likatii. Watu wakawa wanalala saa kumi, wanaamka saa kumi, wanaoana saa kumi na kuzikana saa kumi. Alhamisi ilikuja mara nne mfululizo. Ijumaa ilionekana mara moja kwa mbali, ikakamatwa.

Bi Siwatu alikuwa sebuleni kwake, juu ya mkeka, akimjaza sufi tembo wa kitambaa. Mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye ncha za vidole zilizotobolewa na sindano mpaka zikawa kama chujio la chai. Kazi yake ilikuwa kushona wanasesere. Mtu akichukuliwa na Ofisi, jamaa zake walimletea Siwatu shati au kanga iliyobaki kwenye kamba ya kuanikia, naye akaikata, akaishona kwa ndani, akaipindua, akaijaza sufi, ikawa sungura, ikawa bata, ikawa chochote ambacho mtu anaweza kukikumbatia bila kuulizwa maswali. Kulikuwa na mwanamume wa mtaa wa nyuma aliyelala na kiboko wa kitenge kwa Alhamisi zote nne. Usimcheke. Kile kitenge kilikuwa bado kina harufu ya mkewe kwenye kwapa.

Amewashona wengi mno, Siwatu, mpaka mambo yakaanza kumchanganyikia. Alishika shati la mtu akakumbuka utoto wa mtu huyo badala ya utoto wake. Alijikuna bega akahisi uzi. Wakati mwingine alikaa na mdomo wazi, kama kwamba anangoja fundi amalizie sehemu iliyobaki. Aliwahi kujiuliza, na swali likamkalia kooni kama mfupa wa dagaa: kama mimi ndiye ninayewapa umbo waliokwisha, nani alinipa mimi, na je, alikuwa na sufi ya kutosha, au ilipofika zamu yangu alijazia magazeti?

Kazi hiyo ilikuwa na desturi moja aliyoachiwa na mama yake, na hiyo Siwatu hakuivunja hata mara moja. Mwanasesere hatiwi macho mpaka mwenyewe aje. Mwenyewe anakuja, anakaa kwenye kigoda, fundi anamshika yule wa kitambaa uso ukimwelekea, ndipo anashona vifungo viwili, ili kitu cha kwanza atakachokiona duniani kiwe sura ya atakayelala naye. Ukimtia macho mapema atakuzoea wewe fundi, na ukimtoa atakuwa na kinyongo. Kwa hiyo ukutani palikuwa na rafu mbili. Ya chini ilikuwa ya wenye macho, yaani waliorudishwa baada ya wenyewe nao kuchukuliwa na Ofisi. Ya juu, karibu na dirisha, ilikuwa ya wasio na macho, wanaongoja kuchukuliwa.

Na walikuwepo paka. Saba.

Ofisi ya Utulivu haikuwa na ugomvi na wanyama wote. Punda hutembea akitumwa. Mbwa hutembea akienda mahali. Lakini paka huamka, akanyoosha mgongo, akaenda mpaka katikati ya chumba kwa haraka kama mwenye miadi, halafu akasahau, akakaa. Hakuna serikali duniani inayoweza kutawala kiumbe anayesahau alikokuwa anakwenda. Basi ikatoka amri, paka wote wakusanywe kwenye magunia, na magunia yakawa yanapita mtaani yakitikisika, na yaliporudi yalikuwa yamekunjwa vizuri. Siwatu aliwaokota waliobaki. Hamnazo alimtoa kwenye bomba la maji machafu. Mama Karai alimkuta amefunikwa na karai, anazaa, na watoto wote wamekufa, amebaki yeye mwenyewe. Mwingine alikuja kwa miguu yake, akagonga mlango, na nikisema akagonga naomba uniamini. Kombo, mdogo kuliko wote, mweusi, mkia umepinda kama mpini wa mwamvuli, alianguka kutoka kwenye gunia lililotoboka, mbele ya mlango wake hasa, saa kumi. Siwatu alimchukua akamtia kifuani ndani ya dera, na tangu siku ile, kama ilikuwa siku, hakuna kitu kingine alichokitaka mwanamke yule ila hicho kimoja: wale saba wasiingie gunia.

Akawafundisha kutokuwepo.

Aligonga subana yake ya kidoleni mezani, mara moja, ko. Paka wakapanda rafuni, wakajilaza katikati ya wanasesere, wakafumba macho, wakalegea. Macho ya paka yangewasaliti, hayafanani na kifungo chochote kinachouzwa dukani. Ndiyo maana aliwafundisha kuyafumba, na ndiyo maana akawaweka rafu ya juu, ya wasio na macho. Hapo ndipo alipokosea. Lilikuwa kosa la fundi, mtu mwingine asingeweza kulifanya. Alifikiri kama mtu anayeficha, akasahau kufikiri kama mtu anayeuza. Lakini mara zote walipokaguliwa mambo yalikwenda sawa, na mambo yakienda sawa nani anakaa chini kuyachunguza?

Walinyamaza mpaka viatu vya Afisa wa ukaguzi viondoke. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama yao, si sauti ya Siwatu, si dagaa, ila sauti ya vile viatu ikienda mbali. Ukaguzi wa kwanza viatu vilipotoka mlangoni tu walikwisha kuruka chini. Ukaguzi wa pili walingoja vifike njia panda. Wa tatu vilipotea kabisa na bado wamelala, mmojammoja akaamka kama mtu aliyetoka hospitali, na Kombo hakuamka mpaka Siwatu alipompakata na kumpulizia puani, akampulizia, akampulizia.

Ilikuwa Alhamisi ya nne basi, na tembo amejaa nusu, Nunu alipoingia bila hodi.

"Shoga, weka chini huyo tembo. Viatu viko kwa fundi baiskeli."

"Vya nani?"

"Vya nani tena! Vya Afisa Mbwana. Viatu vya nani vingine vinalia kama mtu anavunja karanga?"

Nunu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Zamani alikuwa na kicheko kikubwa, cha kuangusha vyombo, mpaka Ofisi ikaja kukiandika na kukichukua. Tangu hapo akifurahishwa na jambo hupandisha mabega tu, akayashusha.

"Si alikuja jana?" Siwatu aliuliza.

"Jana ndiyo leo, mwenzangu. Wewe unaishi mji gani?"

"Nunu, hebu nitazame mgongoni. Nahisi pana mshono."

"Geuka. Ni mkunjo wa dera."

"Tazama vizuri."

"Ungekuwa umeshonwa ungeshonwa vizuri kuliko hivi. Na hapa kifuani wangekuongezea sufi kidogo, wasingekuwa wachoyo kiasi hiki." Mabega ya Nunu yakapanda, yakashuka. Kisha akatazama paka waliotapakaa sakafuni, mmoja juu ya cherehani, mmoja ndani ya kapu la vitambaa. "Watakaa?"

"Watakaa."

"Ndicho ninachokiogopa. Mara ya mwisho nilikuchungulia dirishani, unampulizia Kombo kama mtu anayewasha jiko la mkaa."

"Akichukuliwa si atakufa?"

"Atakufa."

"Basi?"

"Basi sijui. Mimi niliombwa kicheko changu nikakitoa na risiti nikatia sahihi, usiniulize mimi mambo ya kufa na kupona." Alikwisha fika mlangoni. Akageuka. "Ila siku hizi wakilala pale juu siwajui tena ni wepi wako na ni wepi wa sufi. Wewe unawajua?"

Akatoka kabla hajajibiwa. Siwatu akamweka tembo chini.

Ko.

Wakapanda. Hamnazo kwanza, na mwili wake wote kama gunia la viazi. Mama Karai. Wengine wakifuatana, bila kusukumana, kwa heshima ya kutisha, kama watu wanaopanga foleni ya kitu wasichokijua. Kombo mwisho, kwenye kona ya dirisha. Siwatu akasimama chini yao akayasema yale aliyoyasema kila mara, mdomo ukitikisika bila sauti.

Lala, mwanangu. Usiwepo. Kidogo tu usiwepo. Mimi nitakuwepo kwa ajili yako, nitakuwepo mara nane, nina nafasi. Usipumue kifuani, pumua tumboni, pumua kwenye mkia, pumua mahali ambapo mtu hawezi kuandika. Ukiona giza ni mimi nimekufunika. Ukiona hakuna kitu, ni mimi pia. Rudi tu. Naomba ukimaliza kutokuwepo, urudi.

"Hodi."

Viatu vikaingia, na juu ya viatu alikuwa Afisa Mbwana, kijana mwenye shingo nyembamba na sare iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Alikuwa na daftari kwapani, kamba kiunoni, na adabu nyingi, adabu ambayo ukiiona unatamani mtu akutukane.

"Shikamoo, Bi Siwatu."

"Marahaba, Bwana Afisa. Karibu."

"Kuna pumzi ngapi humu?"

"Moja."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Ithibitishe, tafadhali." Akatoa kioo kidogo mfukoni. Siwatu akakipulizia, kikaingia ukungu. Mbwana akautazama ule ukungu mpaka ulipokauka, akaandika moja, akapiga mstari chini yake. Kisha akaanza kutembea mbele ya rafu, akibonyeza matumbo kwa penseli.

"Huyu?"

"Sungura."

"Huyu?"

"Alikuwa awe simba. Kitambaa kikaisha."

"Amekuwa nini?"

"Mwenyewe hajaamua, Bwana Afisa."

Mbwana hakutabasamu, lakini alisimama kidogo mahali ambapo tabasamu lingekaa. Akafika kwenye kona ya dirisha. Penseli ikabonyeza. Akaiweka penseli sikioni, akanyoosha mikono miwili, akamchukua Kombo.

"Huyu ana joto."

"Jua hilo. Limekaa kwenye dirisha langu tangu Alhamisi ya kwanza."

"Kweli." Akampima kwa viganja. "Na mzito."

"Nimemtia mchanga tumboni, ili akiwekwa akae."

Akamgeuza. Kichwa cha Kombo kikaanguka upande, mdomo ukafunuka kidogo, ncha ya ulimi ikaonekana, kipande cha waridi. Lakini Mbwana hakuwa anatazama mdomo. Alikuwa anatazama mkia.

"Umepinda."

"Nilikosea mshono. Tazama huyu mwingine, ameshonwa vizuri, mkia kama—"

"Binti yangu ametimiza miaka minne," alisema Mbwana, na ghafla sauti yake ikawa ya mtu mwingine, mtu anayekaa nyumbani bila viatu. "Anataka paka. Unajua mtoto wa afisa akitaka paka nyumba inakuwaje? Nimempa bata, akamtupa. Nimemchorea, akaichana karatasi. Na ana mguu wake huu wa kushoto, umepinda hivi hivi." Akapitisha kidole juu ya mkia. "Nataka huyu uliyemkosea."

Akavuta kigoda, akakaa. Akapandisha kiatu kimoja juu ya kingine.

"Nasikia kwako macho hushonwa mwenyewe akiwepo. Nipo. Shona."

Hapo ndipo desturi ya mama yake ilipomkamata Siwatu kwa shingo. Rafu ya wasio na macho, wanaongoja kuchukuliwa. Alikuwa amewaficha watoto wake kwenye meza ya muuza samaki.

"Vifungo vimekwisha," alisema.

Mbwana akaitazama sare yake. Akashika kifungo cha shaba cha kifuani, akakinyonga, kikakatika. Akakinyonga na cha pili. Akavionyesha kiganjani, vinang'aa, vina nembo ya Ofisi: mdomo uliofungwa.

"Tumia hivi. Atapenda."

"Bwana Afisa." Siwatu alisikia sauti yake ikitoka kwenye tumbo la mtu mwingine. "Huyu ni paka."

"Najua ni paka. Sikusema ni ng'ombe."

"Ni paka kweli. Yu hai. Mwandike. Yeye peke yake, wengine ni sufi, lakini huyu mwandike, mfunge kamba, mpeleke."

Tazama mwanamke alipofikishwa: anaomba gunia, yeye. Gunia lilikuwa na giza lakini halikuwa na sindano. Mbwana akamshika Kombo kwa ule mkia akamning'iniza. Kombo akaning'inia kama soksi iliyolowa. Akamgonga kichwani kwa penseli, mara mbili. Akakiweka kile kioo mdomoni pake, na Siwatu akakiangalia kioo kama hajawahi kuangalia kitu maishani, ukungu, njoo ukungu, mdogo tu, wa punje ya mtama. Kioo kilibaki kikavu, na ndani yake ilikuwa saa kumi.

"Mafundi wote husema hivyo juu ya kazi zao," alisema Mbwana kwa upole. "Hata mimi nikimaliza ripoti nzuri huona kama inahema."

"Kombo," Siwatu alimnong'oneza akimpokea. "Amka, baba. Mchezo umekwisha. Kuna dagaa. Amka, mama anakuita."

Lakini Kombo hakufundishwa kuitwa na mama. Alifundishwa kungoja viatu, na viatu vilikuwa pale pale, kimoja juu ya kingine, vimetulia.

"Kama mkono unauma usijisumbue," alisema Mbwana. "Mke wangu atamtia macho nyumbani. Ila yeye hutumia sindano ya magunia."

Siwatu akakaa kwenye mkeka. Akatunga uzi kwenye sindano yake iliyo nyembamba kuliko zote, na uzi ukapita mara ya kwanza, kitu ambacho hakijawahi kumtokea. Akamlaza Kombo mapajani, uso ukimwelekea Afisa. Na kwa kuwa saa ilikuwa haisogei, alikuwa na muda wote wa kufikiri, maskini, na alifikiri. Alifikiri kwamba amemwambia kiumbe huyu kila siku, kufa kidogo nitakulinda, kufa kidogo zaidi, na kiumbe kwa mapenzi akatii, akatoa sikio lake, akatoa mkia, akatoa pumzi, akavipanga vyote mbele ya miguu yake kama zawadi. Alifikiri kwamba kitu kinachojifanya kimekufa ili kisiuawe lazima kibakishe mahali fulani punje moja ya kutojifanya, na yeye hakumfundisha Kombo aiweke wapi. Hakujua kama hiyo punje bado ipo. Hakujua kama kwake mwenyewe ipo. Aliifikiria mitaa yote ya mji ule, watu wakiwa wamelazwa kwenye rafu za nyumba zao, macho wamefumba, kila mmoja akisadiki kwamba ndani yake anaishi, na kila mmoja akingoja viatu vipite, na viatu vimevuta kigoda vikakaa. Halafu akafikiri jambo dogo zaidi ya hayo yote, kwamba kope la paka ni laini kuliko hariri, na kwamba kama atashika ngozi ya juu tu, ya juu kabisa, kifungo kitaning'inia kwenye manyoya, na jicho litabaki salama nyuma yake, gizani, lakini salama. Akajiambia hivyo. Vidole vyake vikamwamini.

Sindano ikaingia.

Ilipita kwenye ngozi juu ya jicho na Siwatu akaisikia inapita. Hakuna kitambaa duniani chenye sauti ile. Akangoja. Mkono wake ukasimama hewani na uzi umenyooka, na nyumba nzima ikangoja, kwa maana pale palikuwa na nafasi ya kilio. Ilikuwa imekwisha kukatwa kwenye hewa, kwa kipimo, kama unavyokata nafasi ya mkono kwenye gauni. Mwili umechomwa, lazima kitu kilie. Kombo hakulia. Sikio halikucheza. Tone dogo la damu likatoka juu ya manyoya meusi, na ile nafasi ikabaki wazi, ikabaki, haivumiliki.

"Nyaaau," alisema Siwatu.

Hakupanga. Kilitoka chini, kwenye kitovu, kikaja na makamasi na mate na miaka yote, kikapasuka mdomoni. Mwanamke mzima mwenye heshima zake, aliyepigiwa shikamoo sasa hivi. Akalia tena, kirefu zaidi, kile kilio cha paka aliyefunikwa na karai. Ukimsikia ungecheka. Mimi mwenyewe ningecheka, halafu ningetafuta mahali pa kukaa.

Afisa Mbwana aliinuka, kigoda kikaanguka. Akamtazama. Akatazama rafu, kila mmoja amelala kimya. Akafungua daftari nyuma kabisa, penye sheria, akapitisha kidole kwenye mistari huku midomo ikicheza.

"Bi Siwatu, unajua umefanya nini?"

"Nyau."

"Acha. Tafadhali acha." Alikuwa ametokwa na jasho. "Kifungu hiki hapa. Paka ni kile kitoacho sauti ya paka. Hawakuandika miguu. Hawakuandika mkia. Mimi sikukiandika, mimi nimekikuta." Akamsogezea daftari alione. "Sema ulikuwa unakohoa. Nitaandika kikohozi."

Siwatu akamtazama Kombo mapajani, uzi umetoka juu ya jicho, kifungo cha shaba kinaning'inia.

"Sikuwa nakohoa," alisema.

Mbwana akaandika. Paka mmoja, jike, mkubwa, wa rangi ya kahawia. Akafungua kamba, akamfunga kiunoni, kwa adabu, akauliza kama inabana.

"Na huyu?" Siwatu aliuliza. "Binti yako?"

"Kwenye nyumba iliyotoa paka hakitolewi kitu kingine siku hiyo. Ofisi inaogopa manyoya." Akaitazama sare yake iliyoachama kifuani, kisha vifungo vyake, na akageuka haraka. "Atalia tena leo, mtoto yule."

Siwatu alikata uzi kwa meno. Akauchomoa polepole. Akamlaza Kombo juu ya mkeka, kwa ubavu, kama wanavyolala wao wakiwa hawajafundishwa chochote. Hakumpulizia. Afisa alikuwa anatazama, na pumzi ya nyumba ile ilikuwa imekwisha kuandikwa moja tu.

Wakatoka. Mlango wakauacha wazi. Wa Nunu ulikuwa umefungwa, na nyuma yake mtu alikuwa amesimama karibu sana na mbao.

Viatu vikaanza kuvunja karanga zake barabarani. Siwatu alitembea nyuma, kamba imelegea, na mwili wake wote umekuwa sikio. Walipopita nyumba ya kwanza alisikia kishindo kizito ndani ya sebule yake, kama gunia la viazi. Hamnazo. Kikafuata kingine chepesi, halafu viwili kwa pamoja, vya wawili ambao hawakuwahi kuachana. Walipofika nyumba ya pili kikatoka cha tano, na kopo likaanguka, na mtu angesema ni upepo. Kwa fundi baiskeli, kwa shida, kama kitu kinachotoka mbali sana, kikaja cha sita. Miguu ikakimbia juu ya bati la jirani, ikapotea upande wa mashamba.

Akangoja kingine. Si kishindo, Kombo alikuwa chini, kwenye mkeka. Ingekuwa sauti ya kucha tu, zile kucha ndogo kwenye ukindu wa mkeka. Haikuja.

Mbwana akasimama kufuta jasho.

"Usisimame," alisema Siwatu.

"Unasemaje?"

"Usisimame, mwanangu. Tembea. Viatu vyako, tembea navyo."

"Wenzako huwa wananing'inia mlangoni, inabidi niwavute," alisema Mbwana, akimshangaa. "Wewe una haraka ya wapi? Unajua tunakokwenda?"

Siwatu alikwisha mpita. Kamba ikanyooka kati yao, yeye mbele, Afisa nyuma, na sare yake wazi, akijikwaa kufuata. Nyuma yao nyumba ilizidi kuwa ndogo, na sauti zake nazo, mpaka hata kama mkeka ungekwaruzwa kwa kucha zote za dunia ingekuwa kazi kusikia.

"Kaza mwendo. Kanyaga kwa nguvu."

"Mpaka wapi, Bi Siwatu?"

"Mpaka nisiweze kumsikia hata akiamka," alisema, akavuta.